Hatua 70 kwa 70: nilivyowaingiza wazee wetu kwenye kilimo cha simu

Mara ya kwanza nilifeli, tena vibaya, bora niseme mapema. Nimemaliza diploma ya kilimo nikarudi zangu nyumbani Kongwa, nikapata kazi ya muda kwenye mradi mmoja (jina naliacha) wa kuwafundisha wakulima wadogo kilimo cha kidijitali. Tukaletewa tableti nne na vidude vya kuchomeka ardhini vya kupima unyevu, semina siku mbili chini ya mbuyu, soda ipo, posho ipo, makofi ya kutosha. Mradi umeisha, vidude vikafa betri, tableti moja nikaja kuikuta watoto wanaangalia katuni.

Na kiukweli siwalaumu wazee. Kwetu mvua ni msimu mmoja tu, inaanza huko Desemba, Aprili imeshakata, na katikati hapo Februari inaweza ikapotea wiki mbili tatu mahindi yakajikunja. Maji ya kumwagilia hakuna. Sa mtu unamletea kidude kinamwambia udongo wako umekauka, yeye afanye nini? Anajua tangu jana, ndo maana hata usingizi hana.

Kilichofanya watu wakaanza kuitaka simu ni ugomvi wa trekta, wala sikupanga.

Bamdogo wangu ana shamba la alizeti na mtama, miaka yote tunajua ni ekari 5. Kwetu ekari inapimwa kwa hatua, 70 kwa 70, na anayetembea ni kijana wa trekta mwenyewe, mfupi hivi, halafu akifika kwenye kupima anazidi kufupisha. Msimu ule kulimisha ekari moja ilikuwa elfu 50, kwa hiyo laki mbili na nusu, na bamdogo alishauza mbuzi kupata hiyo hela. Mi nimekaa zangu pembeni nasubiri uji, nikakumbuka kwenye simu nina ile programu ya kupima eneo kwa GPS tuliyofundishwa chuoni, nikasema ngoja nizunguke. Nikafuata mpaka wote, kona ya chini huko miiba ya mgunga ikanitoboa ndala, kurudi naangalia simu inasoma ekari 3.4. Nikajua nimekosea. Nikazunguka tena kwa upande wa pili, 3.5.

Bamdogo hakupiga kelele, akaniuliza tu, "Mwanangu, hicho kidude hakidanganyi?" Nikamwambia bamdogo shika mwenyewe uzunguke. Akazunguka taratibu, simu kaishika mbele kwa mikono miwili kama amebeba kikombe cha chai kimejaa, kwenye kila kona anasimama ananiuliza niendelee? Ikaja 3.4.

Jioni tukakaa na mahesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo hatua 70 kwa 70 ni sawa kabisa ila kila hatua iwe karibu sentimita 91, hiyo ni hatua ya mtu mrefu aliyejinyoosha haswa. Hatua ya yule kijana tulikuja kuipima kwa futi ya fundi, sentimita 75. Ukizidisha unapata mita za mraba 2,756 tu, haifiki hata robo tatu ya ekari. Yaani ekari zake 5 ndo hizo 3.4 zetu, simu imesema kweli tupu. Mwenye trekta alikuja juu, akasema simu za Kichina hazijui shamba, mwisho wakakubaliana 3.5, bamdogo akalipa 175,000. Elfu 75 imebaki mfukoni asubuhi moja.

Basi bana, wiki ile sikulala. Wazee ambao kwenye semina walikuwa wanasinzia sasa wananifuata wenyewe saa kumi na mbili asubuhi, "mjukuu, njoo na simu yako." Na mtu akishajua ekari zake za kweli mengine yanakuja yenyewe, mbegu ananunua kulingana na shamba, kibarua wa palizi anamlipa kwa haki, na anagundua kumbe mavuno yake kwa ekari hayakuwa mabaya kama alivyokuwa anajilaumu. Angalizo kidogo kwa mnaotaka kujaribu, simu ya bei ndogo GPS yake inapotea mita kadhaa, kwenye kishamba cha robo ekari itakudanganya kweli, simama kila kona isome kwanza na usipime chini ya miti mikubwa.

Shida iliyonitesa kuliko zote ni laini za simu. Serikali ilivyoanza ruzuku ya mbolea mwaka 2022 lazima usajiliwe kijijini na meseji zinakuja kwenye namba yako, sasa mzee unakuta laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha mtoto wa kiume kipindi kile cha alama za vidole, laini imepotea, kuirudisha anatakiwa mwenye kidole, na mwenye kidole yuko Kariakoo anauza viatu. Nilizunguka na wazee sita mpaka Kibaigwa kusajili laini mpya kwa vitambulisho vyao wenyewe, nauli ya bodaboda natoa mimi. Hii hutaikuta kwenye kitabu chochote cha kilimo cha kisasa, ila bila hiyo hakuna kilimo cha kisasa.

Wengi wana kitochi, simu janja ni za kuhesabu, kwa hiyo niliacha kabisa kung'ang'ania programu. Nyumba kumi simu janja moja inatosha. Mwenye nayo anapokea bei za mahindi kutoka kwa jamaa yetu anayebeba mizigo soko la Kibaigwa, anarekodi sauti, wenye vitochi anawapigia. Dalali akija na bei yake ya huruma anakuta watu wanamwangalia tu. Viwavijeshi vamizi, wale wadudu wa mahindi walioingia nchini 2017, navyo vilitusaidia kwa namna yake, maana ile programu ya Nuru inaongea Kiswahili na inakagua jani bila bando, kijana mmoja ndo amekuwa daktari wa mahindi wa kitongoji, anapiga picha huku kalikinga jani na jua kwa kofia la sivyo picha inakuja nyeupe.

Ambapo bado sijafaulu ni kwa akina mama. Wao ndo wanapanda, wanapalilia, wanapiga alizeti, ila simu inalala mfukoni mwa baba. Nilipowafuata kwenye kikoba chao nikajitapa na habari za kupima mashamba wakanisikiliza kwa heshima, halafu mama mmoja akasema, "Shamba sawa mwanangu, lakini sisi tunaumia kwenye lumbesa," yaani gunia linalojazwa kupita kipimo kwa bei ile ile. Wanataka mizani, ile ya kidijitali ya kuning'iniza, gunia lipimwe kilo mbele ya mnunuzi na mtu apige picha namba. Wameshachanga nusu. Jumamosi tunaenda mjini Dodoma kuitafuta, na wameniambia kabisa mzani utakaa kwa mwenyekiti wao, hautalala kwa mwanaume yeyote, hata kwangu.