Nilivyoitoa hoja yangu kwenye "mengineyo"

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji anaijua ile agenda ya mwisho. Saa nane imeshapita, kivuli cha mwembe kimehama kimekwenda upande wa choo cha ofisi, nusu ya wajumbe wanaangalia simu na nusu nyingine wanaangalia njia ya kurudi nyumbani. Mtendaji wa kijiji, ambaye ndiye katibu wa kikao, ameshaifunga kalamu yake. Hapo ndipo mwenyekiti anasema, "Haya, mengineyo," kwa sauti ya mtu anayeomba asijibiwe.

Mimi nilijibu. Ilikuwa Januari 2025, kikao changu cha pili. Nilichaguliwa Novemba 27, 2024, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, kundi la wanawake. Kisheria halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Sisi tumejaa, tuko 25, mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji vyote vinne wakiwemo. Kijiji kiko mkoa wa Morogoro, na jina lake nitaliweka kando maana nataka kuendelea kusalimiana na watu vizuri.

Hoja yangu ilikuwa korongo. Kati ya kitongoji chetu na shule ya msingi kuna korongo ambalo kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita na watoto wanachezea humo mpira. Masika yakiingia, maji yanashuka kutoka mlimani ghafla, hata siku ambayo kwetu halijadondoka tone. Nauza maandazi asubuhi pale njiani, kwa hiyo mambo ya korongo lile siyasikii kwa watu. Nimeona mtoto wa jirani anazolewa, akashika mzizi wa mkuyu, akatolewa akiwa na kiatu kimoja. Begi na madaftari yalikwenda na maji.

Basi nikasimama, nikasema yote hayo kwa uchungu. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Hoja nzuri sana mama, tumeipokea." Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikamwambia mume wangu kwamba kumbe kazi hii si ngumu.

Mwezi uliofuata ukasomwa muhtasari wa kikao kilichopita. Nilitega masikio. Korongo halikutajwa. Palikuwa na sentensi moja tu: "Wajumbe walijadili masuala mengine ya maendeleo ya kijiji." Tukaulizwa kama kuna marekebisho, watu wakasema hakuna, mwenyekiti akasaini. Mimi nami nilikaa kimya, nikidhani kusahihisha muhtasari ni utovu wa adabu. Hilo nalijutia mpaka leo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa kitongojini kwetu aliyekaa kwenye serikali ya kijiji miaka mingi. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nasikia unapigana na korongo."

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaliweka chini gunzi. "Kwenye mengineyo watu wanasikiliza kwa tumbo," akasema. "Hoja iandike, ipeleke kitongojini kwanza, ipitie kwenye kamati. Na kabla hujaomba hela, jua hela iko wapi. Ukisema 'serikali itusaidie' umeshajifukuza mwenyewe."

Nilianza na lile lililokuwa rahisi kwangu, kuhesabu. Nina daftari la madeni ya maandazi. Nyuma yake nikachora mistari, na kwa siku tano za shule nikahesabu watoto wanaovuka korongo asubuhi. Siku kavu walikuwa 61, 63, 63, 60. Siku ya tano mvua ilikuwa imenyesha usiku huko mlimani, wakavuka 19. Ile tofauti ndiyo iliyokuja kuzungumza kuliko mimi. Halafu nikamwita fundi mmoja wa kwetu, tukapima kwa futi kamba yake: mita 7 na nusu kutoka ukingo hadi ukingo. Akasema hapo halihitajiki daraja la magari, kinatosha kivuko cha waenda kwa miguu, nguzo za mawe na saruji pande zote mbili, magogo juu na mbao za kukanyagia. Akaniandikia makadirio kwenye karatasi ya daftari: shilingi 1,340,000, kama mawe, mchanga na uchimbaji vitatoka kwa wananchi wenyewe.

Mkutano wa kitongoji haukuwa na shida. Akina mama walikuwa wengi kuliko akina baba, na kila mmoja alikuwa na kisa chake cha korongo. Tulikubaliana nguvu kazi, mwenyekiti wa kitongoji akaandika barua, watu 74 wakasaini. Wengine waliweka dole gumba, na nikaambiwa inakubalika vilevile.

Kuna watu walitushauri twende TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Diwani akatueleza bila kuzunguka: wao wanahudumia barabara zilizomo kwenye mtandao wao, na yetu ni njia ya miguu. Bora alisema mapema, maana nawajua watu waliosubiri miaka wakiamini maombi yao "yapo mezani".

Ikabaki hela, na hapo ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu.

Kijiji chetu kina mnara wa simu kwenye ardhi yake, na kila mwaka inaingia kodi ya pango. Kila mtu anajua kuna hela ya mnara, hakuna anayejua ni shilingi ngapi. Mkutano mkuu wa kijiji, ule wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi yanaposomwa. Wetu ulikuwa haujaitishwa kwa miezi saba. Nikataka nisimame kwenye kikao niulize mbele ya wote, "Hela ya mnara iko wapi?" Nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi jikoni.

Babu akanikataza. "Ukiuliza hivyo umemwita mtu mwizi. Hata kama si mwizi, atakaa kama mwizi, atafunga kabati."

Nikaenda kwa mtendaji siku isiyo ya kikao, asubuhi, na maandazi manne kwenye mfuko. (Mtakaosema ni rushwa, bei yake haifiki ya soda.) Ni kijana, alikuwa anakaimu na kijiji cha jirani, pikipiki yake mbovu. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mjumbe mpya, taarifa ya fedha siwezi kuisoma. Nifundishe." Na kwa kweli sikuwa najua. Akatoa jalada, akanionyesha safu ya mapato, safu ya matumizi, taarifa ya benki, stakabadhi zilizobandikwa kwa gundi ya unga. Kodi ya mnara ilikuwa shilingi 2,400,000 na ilikuwa benki, haijaguswa. Kumbe halmashauri iliyopita ilikuwa imekubaliana kwa mdomo ifanye dari ya ofisi na kununua viti vya plastiki, ila hakuna aliyeupeleka uamuzi huo kwenye mkutano mkuu, na mtendaji alikuwa anaogopa kuitoa bila muhtasari.

Nilitoka pale na aibu kidogo. Nilikuwa nimeshamhukumu yule kijana rohoni.

Mtendaji mwenyewe ndiye aliyenionyesha njia iliyobaki. Halmashauri ya kijiji ina kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii, na ya ulinzi na usalama. Mimi nimo huduma za jamii. Kamati ikikaa na kupendekeza jambo kwa maandishi, linaingia kwenye agenda lenyewe kama taarifa ya kamati, na katibu hana budi kuliandika. Tukakaa, wajumbe saba, chini ya banda la kuhifadhia pembejeo. Kikao cha halmashauri cha mwezi uliofuata kikabandikwa ubaoni na humo ndani: "4. Kivuko cha waenda kwa miguu." Namba nne! Nilipiga picha ule ubao.

Agenda namba nne inajadiliwa watu wakiwa bado na nguvu, na wenye nguvu wanapinga pia. Mjumbe mmoja, mfugaji, mtu wa maneno machache, alinyoosha mkono akasema, "Hicho kivuko mnakiweka juu ya njia ya ng'ombe." Kikao kikawaka. Kwetu maneno mawili tu, njia na ng'ombe, yanatosha kuondoa amani. Wakulima wakaanza na mahindi yao yaliyoliwa, wafugaji wakaanza na faini, mwenyekiti akagonga meza kwa kifuniko cha chupa ya maji na hakuna aliyemsikia.

Alikuwa na haki. Pale tulipopima ndipo mifugo inaposhuka kunywa, na nguzo zetu zingewabana. Mimi nilihesabu watoto siku tano, sikumhesabu ng'ombe hata mmoja, kwa sababu wanapita saa sita na mimi saa hizo nimeshafunga biashara. Niliomba hoja isipigiwe kura siku ile. Wenzangu wa kitongojini walinikasirikia, wakaona nimeogopa. Kesho yake nilikwenda korongoni na yule mzee mfugaji na fundi. Tukapanda juu hatua kama arobaini, mahali ambapo ukingo ni wa mwamba. Korongo ni jembamba zaidi pale, mita 6 tu, na fundi akasema mwamba utatuokolea mifuko mitatu ya saruji. Mzee akaonyesha kwa fimbo yake mpaka wa njia ya mifugo, tukaweka mawe ya alama. Alipoondoka aliniambia, "Mama, ungeniuliza mapema ningekuonyesha." Sikuwa na la kujibu.

Mwezi uliofuata hoja ilirudi na yeye ndiye aliyeiunga mkono. Waliobaki wakipinga walikuwa watu wa dari. Tukagawana: kivuko kwanza, viti 30 vya plastiki kwa kiasi kitakachobaki, dari isubiri kodi ya mwaka mwingine.

Mkutano mkuu uliitishwa Juni. Tangazo lilibandikwa wiki moja kabla na pikipiki ikazunguka vitongojini na spika. Mtendaji alisoma mapato na matumizi huku jasho linamtoka, mstari kwa mstari. Alipofika "ukarimu kwa wageni 85,000" bibi mmoja wa mbele akasimama, akajifunga khanga vizuri, akauliza, "Hao wageni walikula nini, na walikuja kutufanyia nini?" Watu walicheka mpaka machozi, lakini jibu alidai na jibu alipewa: kuku, wali na soda, siku ya wakaguzi wa mradi wa maji. "Kuku wangapi?" Ikachukua robo saa. Nadhani lile swali lilifanya kazi kubwa kuliko daftari langu, maana baada ya hapo kila aliyesimama aliuliza kwa tarakimu.

Kura ya kivuko ilikuwa ya kunyoosha mikono. Mtendaji alihesabu mara mbili na kuandika idadi. Nilikaa nyuma yake makusudi, nikachungulia kuona kalamu inaandika nini.

Ujenzi wenyewe sina mengi ya kusimulia. Tulingoja kiangazi kikauke sawasawa, tukaanza Agosti. Kitongoji chetu kilitoka kubeba mawe, cha pili kilitoka nusu, viwili vingine tuliwaona siku ya kukanyaga. Saruji ilinunuliwa na wajumbe watatu wa kamati ya ujenzi pamoja, stakabadhi zikabandikwa ubaoni pale pale, na mtu mmoja akazichana usiku, hatujui nani wala kwa nini. Tulikuwa na nakala. Hela ilizidi makadirio kidogo kwa sababu ya mbao, tukaweka reli ya kushikia upande mmoja tu. Upande wa pili umefungwa kamba.

Mvua za kwanza za vuli zilipokuja nilihesabu tena, kwa mazoea. Asubuhi ile maji yalikuwa yanavuma chini, rangi ya chai ya maziwa, na watoto 58 walivuka. Wengine walisimama katikati kutema mate waone yanavyochukuliwa, nikawafokea.

Sasa limezuka jingine. Bodaboda wamegundua kwamba kivuko kinawaokolea mzunguko wa kilomita mbili, wanapita juu yake na abiria, na mbao mbili zimeshaanza kulegea. Nimewafuata kwa upole, wananiita mama na wanapita vilevile. Safari hii sikusubiri mengineyo. Kamati imekaa, tumependekeza nguzo mbili za chuma zisimikwe kila upande, fundi ametoa makadirio, na mmoja wa bodaboda wenyewe tumemwalika aje aseme lake. Jana nilipita ofisini kuangalia ubao. Tuko namba 3.