Choo ni huku, kaka

Mjomba wangu alikuwa fundi friji, na bia yake alikunywa ya moto.

Waliomjua pale Mwanza walishalizoea hilo. Mhudumu mgeni akimuuliza lile swali la kila baa, "Baridi au moto?", meza ya jirani ndiyo ilimjibia: "Huyo mpe moto." Mwenyewe alikuwa na sababu yake. "Mchana kutwa nimeingiza kichwa kwenye friza za watu," alisema. "Nikitoka humo ninywe tena barafu?" Basi analetewa Balimi yake moja kwa moja kutoka kwenye kreti, anaimimina taratibu, anainywa kama mtu anayekunywa chai.

Nilifika kwake Mabatini mwezi wa nane 2006, nikitokea Dodoma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kumwonyesha mgeni. Mama akaona heri niende kwa kaka yake nikajifunze kazi ya mikono. Mimi ni mtu wa mlenda na ugali wa uwele. Samaki niliyemjua ni yule mkavu anayeuzwa sokoni akiwa amekunjwa, mkia mdomoni. Mara naamka asubuhi kwenye kibanda kilichokalia jiwe, najitokeza mlangoni, na ziwa lote liko chini yangu.

Mwaka ule ulikuwa wa mgawo. Mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa ya umeme yamekauka, Mtera ya kwetu ikiwemo, na nchi nzima tukawa tunapewa umeme kwa zamu. Hata ziwa lenyewe lilikuwa limerudi nyuma. Kule Mwaloni, Kirumba, wenyeji walinionyesha sehemu kavu ambazo zamani mtumbwi ulielea. Kwa watu wengi ilikuwa balaa. Kwa fundi friji ilikuwa mavuno, kwa sababu umeme ukikatika si shida sana, shida ni namna unavyorudi. Unarudi kwa kishindo, na kompresa isiyo na stabilaiza inaungua papo hapo. Ila mwenye baa ambaye friza yake imekufa hauzi, na asiyeuza halipi. Kwa hiyo mjomba alikuwa na kazi nyingi, na madeni mengi kuliko kazi.

Jumamosi ilikuwa siku yetu ya kudai. Mimi nilibeba mkoba: geji, mtungi mdogo wa gesi, tochi ya kuchomelea, koleo, na bomba la shaba lililoviringishwa kama chatu aliyeshiba. Mjomba alitangulia mikono mitupu, akisalimia kila kibaraza. Kama ningeandikiwa ramani ya Mwanza wakati ule, isingekuwa na mitaa wala ofisi. Ingekuwa na baa, glosari na migahawa, na pembeni ya kila jina ugonjwa wa friji yake.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya Oktoba, Ramadhani ikiwa imefika katikati. Tulianzia Mlango Mmoja, kwa mama mmoja wa mgahawa ambaye friji yake ilikuwa haigandishi. Alitulipa supu ya utumbo, chapati mbili mbili, na ahadi. Kutoka hapo tukaenda Makoroboi. Mgahawa ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mfungo, viti vimepandishwa juu ya meza, na mzee mwenyewe amekaa nje kwenye benchi.

"Fundi, njoo baada ya kufuturu," akasema.

Tulipogeuza kona mjomba akaniambia, "Huyu analipa. Amenitajia saa."

Kituo kilichofuata kilikuwa glosari moja karibu na kivuko cha Kamanga. Abiria wa kwenda upande wa Sengerema walikuwa wamejaa wakisubiri pantoni, wengine wamekalia matenga yao ya kuku, na kule majini Bismarck Rock imesimama vile vile kama jiwe lililobebeshwa jiwe. Mwenye glosari alilalamika kwamba friji yake inakula umeme kama shimo na soda hazipoi. Mjomba hakufungua mkoba. Alitoa noti ya shilingi mia tano kwenye mfuko wa shati, akaibana kwenye mlango wa friji, akafunga, kisha akaivuta kwa vidole viwili. Ikatoka bila kubishana.

"Raba imekufa," akasema. "Baridi yote inakwenda Sengerema."

Noti ile ilikuwa haitumiki kununua chochote. Ilikuwa kifaa cha kazi, imelainika kama kitambaa, na mjomba aliirudisha mfukoni kwa uangalifu kuliko alivyoshika geji. Mwenye glosari akacheka, akatupa soda za moto mbili, akasema raba tutaongea mwisho wa mwezi.

Kufikia saa kumi tulikuwa tumezunguka sehemu tano na hatukuwa na shilingi ya maana. Tumbo tu ndilo lililokuwa limelipwa.

Ya mwisho ilikuwa baa moja karibu na Mwaloni, jina lake siwezi kulitaja. Kufika kwake unapita katikati ya soko. Dagaa wameanikwa mpaka huoni pa kukanyaga, na upande mmoja kina mama wanakaanga mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani. Mjomba akayaonyesha kwa kidevu. "Minofu imepanda ndege kwenda Ulaya," akasema. "Mifupa haina pasipoti." Alilisema hilo kila tulipopita pale, na kila mara alicheka mwenyewe.

Mwenye baa alikuwa anadaiwa elfu kumi na tano za kompresa. Hakuwepo. "Kaa," mjomba akaniambia. "Leo tunakula deni letu." Akaagiza Balimi mbili, yake moto, yangu baridi, na sato mmoja wa kuchoma. Tulipomaliza akainua kidole: "Leta kama tulivyo."

Yule sato ndiye aliyenimaliza. Aliletwa kwenye sinia akiwa amechanwa chanwa mbavuni, limau pembeni, kachumbari, pilipili, na ugali. Nilikuwa namchokoachokoa kwa ncha za vidole, naogopa miiba. Mjomba akanipiga kofi la mkono. "Siyo hivyo. Shika hili pezi la mgongoni, vuta polepole kuelekea mkiani." Nikavuta. Uti mzima wa miiba ukatoka kama zipu, na nyama nyeupe ikafunguka pande mbili, ina mvuke. Tangu siku hiyo sijamwogopa samaki.

Kwenye saa kumi na mbili mjomba akanyanyuka. "Huyu bwana anakaa Kitangiri. Namfuata nyumbani. Nakwenda na kurudi, mjomba." Akaniachia mkoba, na mfukoni mwangu mlikuwa na shilingi mia saba.

Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Mhudumu aliyekuwa akitupa huduma, dada mmoja wa Kikerewe, akavuta kiti akakaa mezani kwangu. Nikadhani nimependwa. Nikaweka kola ya shati sawa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa vizibo vinne, akavipanga mezani mstari mmoja.

"Viwili vya fundi, viwili vyako," akasema. "Fundi anarudi saa ngapi?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tunamdai bosi wake, tutakatana humo humo. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyevaa viatu miguu tofauti. Kisha akanieleza, bila kulalamika, kama anayemwelekeza mgeni njia. Zamu ikianza, yeye anakabidhiwa bia zake kaunta. Zikishatoka kaunta ni zake, na usiku kaunta inataka hela kamili. Mteja akikimbia, bosi hajaibiwa. Aliyeibiwa ni yeye. Mwezi uliopita walikuja vijana wanne, wakanywa kreti, wakaondoka mmoja mmoja kama wanakwenda kujisaidia. Alimaliza mwezi bila mshahara.

"Na samaki?" nikauliza.

"Samaki ni wa mama wa jikoni. Jiko kalipangisha. Hamjui hata mnachomdai bosi."

Nilikuwa nimeshinda miezi miwili naingia na kutoka kwenye baa za Mwanza, na sikuwa najua hilo. Nilidhani baa ni duka moja. Kumbe pale pale chini ya bati moja kuna mtu wa kaunta, mtu wa jiko, muuza sigara na karanga, na wahudumu wenye madaftari yao, kila mmoja na hesabu yake. Na sisi tulikuja kudai kwa mmoja, tukala kwa wawili wengine.

Elfu nne za bia. Elfu mbili na mia tano za sato. Mimi nina mia saba.

Saa moja na nusu zamu ya Kirumba ikafika, umeme ukakatika. Baa nzima ikasema "Aaah!" kwa sauti moja, kama mpira uliogonga mwamba. Mtu wa kaunta akatoka nyuma na tochi, tukaanza kumsikia akivuta kamba ya jenereta: inakohoa, inanyamaza, inakohoa. Dada akanyanyuka kwenda kuangalia meza zake nyingine.

Nami nikanyanyuka.

Sikukimbia. Anayekimbia anafukuzwa. Nilitembea kama mtu anayekwenda kupiga simu, nikapita langoni, mlinzi ameelekeza macho kwenye jenereta, nikashika barabara. Moyo ulikuwa unapiga mpaka kwenye meno. Nilijiambia mjomba atarudi na atalipa, kwa hiyo si wizi. Nilijiambia atakuwa amekwama huko Kitangiri, kwa hiyo bora hata mmoja wetu afike nyumbani. Nilijiambia mambo mengi mpaka nikaukaribia uwanja wa CCM Kirumba, na hapo ndipo nilipohisi kwamba bega la kulia ni jepesi.

Mkoba.

Geji peke yake ilikuwa inazidi bili ile mara kadhaa. Weka mtungi, weka tochi, weka shaba. Nilikuwa nimekimbia elfu sita na mia tano na kuacha kiwanda kizima cha mjomba chini ya meza. Siku hizi nikisimulia, watu hutaka niseme nilirudi kwa sababu ya yule dada. Ningependa iwe hivyo. Nisingeacha mkoba, nisingerudi.

Nilipofika jenereta ilikuwa imekubali, taa zinawaka kwa kutetemeka. Dada amesimama langoni, mkoba begani kwake. Nyuma yake mtu wa kaunta na mlinzi mwenye rungu, na nyuso zao hazikuwa za kunikaribisha. Nikafungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini.

"Choo ni huku, kaka!" dada akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nilikwambia nyuma, kushoto kwa jiko. Siyo huko nje."

Mtu wa kaunta akanitazama, akamtazama yeye, akarudi kaunta. Mlinzi akashusha rungu.

Ikabidi niende kweli. Niliingia chooni sina haja yoyote, nikasimama gizani nikasoma namba moja mpaka mia. Niliporudi mkoba ulikuwa chini ya meza na vizibo vinne vipo pale pale vilipokuwa. Dada hakukaa tena na mimi. Alipita na trei mara tatu, nne, bila kunitazama.

Mjomba aliingia saa tatu kasoro, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Kitangiri hakumkuta mtu, kwa hiyo alikuwa ameshika njia hadi Makoroboi kumfuata yule mzee aliyesema baada ya kufuturu. Mzee alikuwa amempa elfu sita. Mjomba alianza kwa kiburi: akamwambia mtu wa kaunta bili yote ikatwe kwenye deni la bosi. Mtu wa kaunta akasema yeye hana daftari la kompresa. Mama wa jikoni akatokeza kichwa dirishani: "Mimi na bosi wao wapi na wapi? Nataka hela ya samaki wangu." Dada alikuwa amesimama tu, mikono kwenye mfuko wa aproni.

Mjomba alivitazama vile vizibo kwa muda. Kisha akakaa, akatoa noti ya elfu tano na ya elfu moja, akaziweka mezani. Akapapasa mifuko ya suruali, mbele na nyuma. Mwishowe akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa ile mia tano ya kupimia raba, akainyoosha juu ya goti na kuiweka juu ya nyingine.

Mia saba zangu sikuzitoa. Zilikuwa zinatosha daladala ya watu wawili, lakini ningezitoa ningelazimika kuanza kuzungumza. Tukatembea. Giza la mgawo lilikuwa limefunika Kirumba yote, na ziwa hulioni, unalisikia tu. Tulipopita Furahisha mjomba akanipokea mkoba bila kuniomba, akauweka begani kwake.

"Mjomba," akasema baada ya mwendo mrefu. "Choo cha pale kiko upande gani?"

"Nyuma. Kushoto kwa jiko."

"Haya," akasema, akauhamishia mkoba bega la pili, tukaendelea kupanda kwenda Mabatini.