Nilivyolainisha mwendo wa Phantom ya mwaka 1926

Katika gereji ninayofanyia kazi hapa Uingereza iliwahi kuletwa Rolls-Royce Phantom I ya mwaka 1926, ambayo mwenyewe alilalamika kwamba kila ikipita penye kishimo, aliyekaa nyuma hurushwa kama yuko juu ya lori tupu. Fundi aliyeishughulikia kabla yetu alikuwa amemshauri achongewe springi mpya zilizo laini zaidi. Mimi, niliyejifunza springi kwenye malori Tanga, nilisita, kwa kuwa springi iliyochoka huliinamisha gari, haiwi ngumu.

Nilianza kwa kupima kabla ya kufungua chochote. Nilichukua kimo cha chasisi kutoka sakafuni, nikawaketisha wenzangu wawili kiti cha nyuma, kisha wakashuka taratibu. Chasisi ikabaki chini kwa milimita 14. Springi iliyo huru hurudi karibu na ilipokuwa. Tulipovua mifuko ya ngozi inayofunika majani ya springi, yaani vipande vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, tulikuta grisi imekauka kama lami, na kati ya jani la pili na la tatu mna kutu iliyosagika mithili ya pilipili ya unga. Majani yakishikana hivyo, mtikiso mdogo hauna nguvu ya kuyatelezesha, na gari hubaki likitegemea upepo wa tairi tu. Tuliyasugua moja moja, tukayapaka grisi, tukashona mifuko mipya, kazi iliyonitoboa vidole kuliko zote. Tulipopima tena, milimita 14 zilikuwa zimebaki 4.

Hapo tukafungua viungo vya shokamzoba na kulisukumasukuma gari kwa kufuata mdundo wake: mbele lilipanda na kushuka mara 17 kwa sekunde 10, nyuma mara 14. Maurice Olley, mhandisi wa Rolls-Royce aliyehamia Cadillac mwaka 1930, alionyesha kwamba inafaa iwe kinyume chake, yaani mbele iwe na mdundo wa polepole kuliko nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalofika kwanza kwenye tuta, na nyuma ikiwa na mdundo wa haraka zaidi huiwahi mbele, hivyo gari huinuka lote pamoja badala ya kupiga mbizi.

Nilitamani kupunguza jani moja la mbele, lakini nikajizuia. Ekseli ya mbele iliyo kipande kimoja, kama ya gari hili, ikiwekewa springi laini mno, magurudumu huanza kutetemeka hadi kwenye usukani. Tatizo hilo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya General Motors, kampuni inayomiliki Cadillac, kuanza kutoa, katika magari yake ya mwaka 1934, magurudumu ya mbele yanayojitegemea, kila moja likipanda na kushuka peke yake.

Majaribio ya mwisho niliyafanya nikiwa kiti cha nyuma, nimeshika penseli kilegevu juu ya karatasi, katika barabara ileile na kwa mwendo uleule wa kilomita 48 kwa saa kama kabla ya matengenezo. Karatasi ya kwanza ilijaa meno kama ya msumeno. Ya pili ilikuwa na mawimbi mapana, ila penye mgongo wa daraja mstari uliruka juu vilevile. Mwenyewe nilimwonyesha karatasi zote mbili, nikamwomba awe anapunguza mwendo darajani.