Saa Yangu ni Maji: Siku Moja Mikokoni Gazi

Saa 11 alfajiri. Kabla sijanawa uso najua maji yako wapi. Mwezi umeandama juzi, leo ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Yatapwa kabisa saa 4 na nusu, kisha yarudi kujaa saa 10 na nusu hivi jioni. Kazi yangu yote iko hapo katikati. Nawaamsha watoto wa shule, napasha mbaazi za jana, nafunga leso, natoka.

Saa 12. Kitaluni. Miche ya mililana na michu, aina mbili za miti ya mikokoni, iko kwenye vifuko vyake. Usiku kaa wamekata tisa. Nainua iliyolala, nang'oa iliyokufa, nahesabu, naandika kwenye daftari.

Saa 1 na nusu tumeshaingia topeni, mimi na kijana ninayepima naye. Watu wakisikia napima miti hudhani ni kuzungusha futi kiunoni mwa mti na kwenda zako. Mkoko hauna kiuno. Una mizizi inayoshuka kutoka juu kama miguu ya buibui, kwa hiyo unatafuta mzizi ulio juu kuliko yote, unapanda sentimita 30 kutoka hapo, ndipo unapima. Mti mmoja unaweza kukutaka upande juu ya mizizi, futi umeiuma menoni, visubi masikioni, na chini tope la magotini linalonuka yai viza. Ukikosea sentimita mbili umewadanganya watu walio mbali sana nawe, wanaolipia hewa ukaa iliyohifadhiwa na miti hii. Kijana akisoma namba, nairudia kwa sauti kabla sijaiandika.

Kwa asiyepajua, Gazi ni kijiji cha wavuvi Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Wazee wetu walikata boriti za mikoko zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Miaka ya 1970 zikakatwa kuni za viwandani, pwani ikabaki uwanja mtupu. Mwaka 1991 watafiti wa bahari na wanakijiji wakaanza kupanda upya. Tangu 2013 sisi na jirani zetu wa Makongeni tuna mradi wa Mikoko Pamoja: hekta 117 tunazilinda, na hewa ukaa inayozuiwa na miti ile, tani 3,000 hivi kwa mwaka, inauzwa kwa watu wanaotaka kulipia uchafu wao. Tumepanda na mivinje ili mtu apate kuni bila kugusa mkoko. Fedha zinajadiliwa barazani. Zimeleta maji ya bomba, zimenunua vitabu vya shule.

Bado wapo wanaosema tunauza upepo. Jirani yangu mwenyewe aliniambia hivyo miaka mingi, mpaka alipofungua bomba. Simlaumu. Kaboni haishikiki mkononi, na sehemu kubwa yake imelala ndani ya tope hilo hilo watu wanalolizibia pua. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, ulitupa Tuzo ya Ikweta. Siku ile habari ilipofika, kina mama waliokuwa wakiitwa wachuuzi wa upepo walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Nilikuwepo, na nikikumbuka bado nalia.

Saa 3 tulikuwa tayari. Kuna wageni kutoka mjini, shirika moja, walioandika kwamba wanakuja kutuenzi sisi kina mama kwa kulinda mazingira, na kupanda miti pamoja nasi. Tulikuwa kumi na mmoja. Tuliokota mbegu 200 za mkoko, zile ndefu kama sime, tukachagua zilizokomaa, tukaziweka ndooni. Wenzetu walikuwa jikoni tangu alfajiri na pilau ya wageni.

Saa 4, simu: "Tuko njiani." Maji yakapwa. Mahali pa kupandia pakawa wazi, papana, pazuri. Saa 5, kimya. Nikawapigia: "Tunakuja, mama." Saa 6 wakasema wako Likoni, feri ina foleni. Jua lilikuwa utosini. Bibi yetu mmoja, mwenye miaka sabini na ushee, alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akiwa na leso kichwani, hakutaka kurudi nyumbani asije akakosekana. Nilianza kuyaona maji yakirudi kwenye mifereji, taratibu, kama mtu anayekuja kwa ncha za vidole.

Walifika saa 7 na dakika 20. Bango, fulana za kutuvalisha, mpiga picha. Mahali petu palikuwa na maji ya kifundo cha mguu. Kiongozi wao akatazama viatu vyake, kisha akaonyesha mchanga mkavu chini ya minazi.

"Mama, tupandeni hapa hapa."

"Hapa mkoko hauishi, ndugu yangu. Hapafikiwi na maji."

"Ni ya picha tu, mama. Baadaye mtaihamisha."

Sikuweza kujibu mara moja. Mbegu ile imekaa juu ya mti miezi mingi ikilelewa na mama yake, wewe unataka uichomeke juani ife kwa ajili ya picha? Yule bibi akainuka kwenye ndoo, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo hata mwani hauoti." Kiongozi akapiga simu pembeni. Tukapigwa picha tumesimama, tukakabidhiwa cheti kwenye fremu. Kimeandikwa "Wanawake wa Gazi." Hakuna jina la mtu hata mmoja.

Nisiache kusema hili. Katika msafara ule kulikuwa na binti mdogo, pengine mwanafunzi aliye mazoezini. Alivua viatu, akapandisha suruali, akaniuliza, "Shangazi, bado tunaweza kuwahi chache?" Tukaingia wawili, maji yakiwa yamefika magotini. Nikamshika mkono nikamwonyesha: ncha iliyochongoka chini, sukuma mpaka theluthi moja izame, usikanyage ya jirani. Akaniuliza jina la kila mti tuliopita. Mchu. Mkandaa. Muia. Alikuwa akiyatamka polepole, anayarudia. Tulipanda sita.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Pilau ililiwa, gari likaondoka, masufuria yakaoshwa. Miguu ilikuwa inawaka kwa chumvi. Nilirudi kitaluni, kisha nikaketi kibarazani na daftari la vipimo, nikafungua ukurasa wa mwisho. Nikaandika majina kumi na moja, la kwanza la yule bibi, na jina la baba yake kama anavyopenda litajwe. Kesho nitaukata ukurasa huo niutie kwenye fremu, nyuma ya kioo.

Mbegu 194 ziko ndooni kivulini. Kesho maji yanapwa saa 5 na dakika kumi.