Nilivyowamaliza mende jikoni kwangu Michenzani

Mende waliokuwa jikoni kwangu si wale wakubwa wekundu wanaotoka kwenye karo. Hawa ni wadogo, rangi ya kahawia iliyofifia, na nyuma ya kichwa wana michirizi miwili myeusi. Wataalamu wanawaita mende wa Kijerumani, jina lililotuchekesha sana sisi wakaazi wa mabloki ya Michenzani, Unguja, maana majumba yenyewe yalijengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Ila Ujerumani si kwao: utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2024 umewarudisha Asia ya Kusini. Kujua aina kuna faida. Yule wa karo akiingia ndani aghalabu amepotea njia. Huyu mdogo anazaliwa, anaishi na kufa humo humo kabatini mwako.

Fleti niliihamia ikiwa nao tayari. Mpangaji aliyetangulia alikuwa mtu wa kupuliza. Chini ya sinki nilikuta makopo matupu ya dawa, na mende wanatembea juu yake. Aina hii imeshazoea nyingi ya dawa hizo za pirethroidi, yaani kemikali ya kuulia wadudu, na wale wasiokufa ndio wanaoendelea kuzaa. Isitoshe, dawa ya kupuliza inawatimua tu: leo unapuliza jikoni, kesho unawakuta chumbani nyuma ya televisheni. Na jike hubeba kifuko chake cha mayai mpaka yanapokaribia kuanguliwa, kifuko kimoja mayai 30 hadi 40.

Kwanza nilitaka kujua wanalala wapi. Nikachukua makopo ya jemu, nikapaka mafuta ya mgando upande wa ndani wa mdomo ili aliyeingia asiweze kupanda, nikatia kipande cha boflo. Usiku nikayatega: chini ya sinki, nyuma ya friji, juu ya kabati la vyombo, na jengine chumbani. Asubuhi la chumbani lilikuwa tupu, la sinki lina wachache. La nyuma ya friji lilinitoa hamu ya chai.

Pale kwenye mota pana joto, pana giza, tena pana ile trei inayopokea maji ya barafu. Mende huyu njaa anaistahamili kwa wiki kadhaa, lakini kiu humuua mapema zaidi. Kwa hiyo nilianza na maji. Mfereji uliokuwa unachuruzika ukatiwa raba mpya, trei ikawa inamwagwa na kufutwa kila usiku, na kitambaa cha jikoni hakilali tena kibichi pembeni ya sinki.

Kisha sumu. Nilinunua dawa ya jeli yenye fipronili, ile inayouzwa ndani ya bomba la plastiki mfano wa sindano. Unaitia kwa matone madogo, kiasi cha punje ya mchele, kwenye bawaba za makabati, kwenye nyufa, nyuma ya friji. Haiui hapo hapo, na ndiyo uzuri wake. Mende anakula, anarudi mafichoni na kufia huko, na wenzake, hasa wale wadogo wasiotoka sana, wanakula kinyesi chake na mzoga wake. Lakini usipulize dawa ya kopo karibu nayo, hawataigusa.

Kwenye matundu ya ukuta nilitia unga wa boriki, ambao wachezaji wengi wa keram hunyunyiza ubaoni. Uwe utando mwembamba tu. Ukimwaga fungu, mende atalizunguka. Ukiwa mwembamba atapita juu yake, kisha atajisafisha miguu kwa mdomo na kuumeza. Nina mtoto anayetambaa, basi unga ule haukuwekwa popote anapofikia. Na zile chaki za mende za sokoni sizitaki ndani kabisa. Mtoto ataijuaje chaki ya skuli na ya sumu?

Kazi kubwa zaidi ilikuwa jirani. Mabomba yetu yanapenya sakafu, na kila bomba limeachiwa uwazi pembeni. Nikampandia bibi wa juu, nikamwamkia, nikamweleza.

"Mende kwangu? Mwanangu, hii nyumba naifagia mara mbili kwa siku."

Sikubishana naye. "Naijua ilivyo safi, bibi. Naomba nikutegee kopo moja tu, usiku mmoja."

Asubuhi aliniita mwenyewe kutoka ngazini: "Njoo na hiyo dawa yako! Na ya chumbani uilete!"

Tulipotia kote kuwili ndipo nikaziba uwazi wa mabomba kwa saruji. Mende walipungua upesi, hata hivyo nilirudia jeli baada ya mwezi hivi, kwa kuwa mayai huchukua takriban wiki nne na sumu haiyafikii ndani ya kifuko. Sasa nikitega makopo yanalala matupu.

Fleti ya chini bado hawajakubali. Bibi amesema hao nimwachie yeye.