Kwenda Kiwayu kwa Tanga: Nilivyompata Nahodha na Siku ya Kung'oa Nanga

Kila niliyemwambia nataka kwenda Kiwayu kwa jahazi alinijibu lile lile: nenda Januari, jua linawaka na anga ni jeupe. Wengi wao hawajawahi kupanda hata mashua ya kwendea Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu. Mimi ni mtoto wa baharia, na ushauri ule ulinikera, kwa sababu Januari huvuma kaskazi, upepo utokao kaskazini mashariki. Kiwayu ni kisiwa cha pwani ya Kenya kilicho kaskazini mashariki ya Lamu, huko huko upepo unakotoka. Ukienda miezi hiyo utapiga bisho njia nzima, tanga likigeuzwa huku na huku, mawimbi yakigonga omo, yaani mbele ya chombo, na wageni wako wakitapika. Ama utawasha injini tangu gatini hadi unafika, na hapo sijui jahazi umelikodi la nini. Mei hadi Julai usijaribu kabisa, kusi, upepo utokao kusini, huwa kali na mvua ni nyingi, hasa Mei. Sisi tulichagua Oktoba, kusi ikiwa imechoka, inakusukuma taratibu kutoka tezi, nyuma ya chombo.

Safari ya kwanza tuliyopanga ilivunjika kabla hatujatoka nyumbani. Tulipitia wakala aliyetutumia picha za jahazi lenye mito ya rangi na mazulia sitahani. Tukatoa arbuni. Nilipouliza jaketi za kuokolea maisha ni ngapi, akasema zipo za kutosha. Nahodha ni nani? Atapangwa siku yenyewe. Naomba nizungumze naye kwa simu. Hapo ndipo simu zangu zilipoacha kupokelewa. Wiki ya mwisho tukaja kujua kwamba lile jahazi la kwenye picha ni la mtu mwingine kabisa, na limeshakodiwa siku zetu zile zile. Tulivutana naye sana, na mwishowe arbuni ilirudi nusu. Niliapa sitatoa tena shilingi kabla sijaligusa jahazi lenyewe kwa mkono.

Basi nikaenda Lamu mwenyewe, nikakaa gatini asubuhi nzima, na kila nahodha niliyeelekezwa nilimuuliza swali moja tu: "Tukifika Mkanda maji yamekupwa, itakuwaje?" Mkanda ni ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara. Maji yakiwa madogo chombo hakipiti, itabidi uzunguke Manda kwa nje, bahari kuu. Mmoja alinijibu, "Usijali dada, tutapita tu." Mwingine akanisifia injini yake. Wa tatu, mzee mwenye ndevu nyeupe, hakunijibu. Aliniuliza yeye: "Siku mnayotaka kuondoka, mwezi utakuwa ngapi, mwanangu?"

Pale pale nikajua huyu ndiye.

Tukakaa naye barazani, akanipigia hesabu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa Lamu karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Maana yake saa nne asubuhi, watalii wameshakunywa chai wako tayari kuondoka, Mkanda ni matope. Kila siku maji huchelewa kama dakika hamsini. Kwa hiyo ukiondoka mwezi nane, yaani siku ya nane tangu mwezi kuandama, saa nne hiyo hiyo maji yamejaa, mkondo hauna nguvu, na usiku unapata mwangaza wa kupikia na kukaa ufukweni. Ukirudi siku ya kumi na moja au kumi na mbili ya mwezi huo, unatoka Kiwayu alfajiri kwa umande wa bara, upepo mwepesi utokao nchi kavu, unaikuta Mkanda imejaa mchana. Nenda na rudi kwa hesabu moja! Wakala hakuwahi kulitaja hilo, na intaneti nzima sikuliona.

Maji yalipokupwa akanipeleka kwenye jahazi likiwa limelala mchangani. Nilipitisha vidole kwenye maungio ya mbao: kalafati mpya, pamba imeshindiliwa hadi ndani, haichomoki. Ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa jahazi, maji yalikuwa kidogo, na upo wa kufulia maji ulikuwa mahali pake. Jaketi nilizivaa moja moja nikafunga kila kifungo. Mbili vifungo vimekatika; akazibadilisha bila kunung'unika.

Usalama uliza kabla ya kulipa, na waulize walio Lamu wakati huo, kwa kuwa ukifika Kiwayu mpaka wa Somalia hauko mbali. Nahodha wetu alipeleka orodha ya majina yetu polisi, na hakusafiri usiku.

Maji ya kunywa tulibeba kwenye madumu ya lita 20, mengi kuliko tulivyodhani tunahitaji. Visiwani kule watu hutegemea mvua iliyokingwa kwenye majabia, na si haki mgeni kuja kuwamalizia. Chakula ni mchele, nazi, ndimu na viungo; samaki utanunua kwa wavuvi njiani. Jiko ni la makaa, limekaa ndani ya sanduku la mchanga. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kupanda, ukishaanza kutapika haifai kitu. Wanawake, chukueni leso za kutosha. Siyu na Faza, miji ya kisiwa cha Pate kilicho njiani, watu wanajisitiri, na utapokewa vizuri zaidi.

Mkanda tuliingia saa nne kamili, mikoko karibu utaigusa pande zote mbili, baharia yuko omo na upondo, ule mti mrefu, anapima kina na kumwita nahodha. Tulishuka Siyu kuona ngome, tukalala. Kiwayu yenyewe ni kisiwa kirefu chembamba: upande huu mikoko, upande ule mchanga na mwamba wa matumbawe. Eneo lote ni hifadhi ya bahari ya Kiunga tangu 1979, kasa hutaga huko, kwa hiyo moto na tochi tuliweka mbali na ufuo wa nje.

Gharama tuligawana, kila mtu akatoa kama elfu thelathini na kitu za Kenya, chakula ndani. Nusu tulitoa tulipong'oa nanga na nusu tuliporudi gatini, mkononi mwa nahodha mwenyewe, na bahashishi ya mabaharia tukawapa wao wenyewe.