Mvumo wa gurudumu la mbele: jinsi nilivyoutafuta na kuumaliza

Gari lilianza kuvuma kwenye lami ya Malindi kwenda Gede. Chini ya kilomita 40 kwa saa, kimya; likifika 70, mvumo unajaa ndani hadi mazungumzo yanakatika. Kila mtu ana lake: gia boksi, tairi, ekzosi.

Nilianza na injini. Barabara ikiwa tupu nikatoa gia, gari likaenda kwa kasi yake. Mzunguko wa injini ukashuka, mvumo ukabaki vilevile. Basi injini haimo. Nikahamishia matairi ya mbele nyuma, sauti haikuhama.

Jibu lilitoka kwenye usukani. Nikikata kidogo kulia, mvumo unapanda, kushoto, unafifia. Ukikata kulia uzito huelemea magurudumu ya kushoto, kwa hiyo nikaishuku beringi ya gurudumu la mbele kushoto, kile kifaa kinacholifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi.

Nikapiga jeki, nikaweka na stendi (bila stendi usiingie chini ya gari, tafadhali). Tairi nikalishika juu na chini, nikalitikisa: halikucheza. Wengi huishia hapo wakasema beringi ni nzima. Mimi niliweka vidole kwenye springi, mkono wa pili ukazungusha gurudumu. Springi ilitetemeka kwa kukwaruza, kama kuna mchanga ndani. Ya kulia ilikuwa shwari.

Fundi akaitoa beringi kwa presi, mashine ya kusukuma kwa nguvu. Sili, ule mpira wa kuzuia maji na vumbi, imepasuka, grisi imekuwa tope la kahawia lenye kutu. Akaweka mpya, nati ya ekseli akaikaza kwa spana ya kipimo. Tulirudi barabara ileile kwa kilomita 80 kwa saa na mvumo haukuwepo.